Jelikoti ya boti ya faiba ikichubuka: kipi ununue kwanza ukiwa Kigoma

Katika mialo ya Kigoma, iwe Kibirizi, Katonga au Ujiji, boti ya faiba huumia hasa sehemu mbili: omoni hadi kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa boti, kwa kuwa huburutwa juu ya mchanga na kokoto, na ubavuni, kwa kugongana na boti za mbao zinazofungwa kando yake. Kinachochubuka kwanza ni jelikoti, lile tabaka la nje lenye rangi na mng'ao, ambalo kwa kawaida halizidi milimita moja kwa unene. Wapo wanaodhani kwamba ziwani hakuna haraka kwa sababu maji hayana chumvi, ilhali maji baridi ndiyo hupenya faiba kwa wepesi zaidi na kuleta malengelenge chini ya jelikoti. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, safisha jeraha na ulitazame kwa makini: kama nyuzi za faiba zilizo chini ya jelikoti hazijaonekana, tatizo ni la jelikoti tu, zikionekana, unahitaji kitu kingine.

Chaguo la kwanza, kwa michubuko isiyofika kwenye nyuzi, ni jelikoti ya poliesta (aina ya utomvu wa plastiki) iliyotiwa nta, inayouzwa pamoja na hadena yake, yaani kemikali ya kuigandisha. Hushikana vizuri na ile ya zamani kwa kuwa ni za jamii moja, na hukubali kupigwa msasa na kung'arishwa. Muulize muuzaji waziwazi kuhusu nta, kwa sababu jelikoti isiyo na nta ilikusudiwa kupakwa ndani ya kalibu, yaani umbo la kutengenezea boti, na ikikutana na hewa uso wake hubaki unanata. Ukikosa yenye nta, nunua hiyo hiyo, kisha uifunike kwa karatasi ya nailoni mara tu baada ya kuipaka.

Usinunue kopo kubwa kwa tamaa ya bei. Mchubuko wa urefu wa mita moja na upana wa sentimita 2, ukijazwa kwa kina cha nusu milimita, hauhitaji hata gramu 20, na kinachobaki koponi huzeeka haraka kwenye joto. Kwa kuwa bidhaa nyingi za aina hii huagizwa Dar es Salaam na kusafiri siku kadhaa kabla ya kufika, soma tarehe ya mwisho wa matumizi na ulitikise kopo. Kama kilichomo kimeanza kuwa kizito kama uji uliopoa, kiache. Nunua pia sirinji ya kupimia hadena, kwani hadena hutiwa kiasi cha asilimia 2 hivi ya jelikoti, na asilimia 2 ya gramu 100 ni gramu 2 tu, na kukadiria kwa kifuniko cha chupa ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Jua la Kigoma lisikushawishi kuipunguza chini ya asilimia 1, maana haitakauka kamwe. Hadena hiyo hupofusha ikiingia machoni, hivyo miwani ya kazi iwemo katika bajeti.

La pili ni puti ya epoksi ya boti, yaani kijazio cha utomvu wa aina nyingine tofauti na poliesta. Kwa jeraha lililofika kwenye nyuzi chini ya mstari wa maji, ningeiweka ya kwanza bila kusita, kwa sababu hushika kwa nguvu zaidi na huzuia maji vizuri kuliko poliesta. Lakini jelikoti ya poliesta haishiki vema juu ya epoksi, na jua huichosha epoksi iliyoachwa wazi, kwa hiyo ukiichagua, hesabu na gharama ya rangi ya kuifunika. Kwa mkuku unaoburutwa kila siku ndiyo ya kununua, hata kama haitapendeza macho.

Jelikoti nzito ya kwenye tyubu ni ya tatu: inafaa vidoa vidogo vya ubavuni, lakini kwa gramu ni ghali, na rangi nyeupe ya tyubu ni nadra kulingana na nyeupe ya boti iliyopigwa jua kwa miaka. Rangi ya poliurethani ya kuchanganya na hadena ni ya nne, si kwa ubovu, bali kwa sababu haijazi shimo. Inunue pale ubavu mzima umepauka, na uipake juu ya mstari wa maji tu, maana nyingi hazikutengenezwa kukaa majini muda wote.

Puti ya bodi za magari ni ya mwisho, na kwa kweli singeinunua. Ni rahisi kuipata na mafundi wengi wataipendekeza, lakini ina unga wa talki unaofyonza maji, nayo hubanduka.

Chochote utakachochagua, ongeza asetoni, msasa namba 80 wa kukwaruza kabla ya kujaza, na wa maji kuanzia 400 hadi 1000 wa kumalizia.