Kumtafuta baba wa bibi, Mjerumani, kwa tovuti ya Matricula: uzoefu wangu

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Tabora mwaka 1913. Baba yake alikuwa mwashi Mjerumani aliyekuja na ujenzi wa reli ya kati, ile iliyofika Tabora 1912. Wabelgiji walipouteka mji Septemba 1916 mwashi yule akaondoka, na bibi hakumwona tena. Amekufa hajui baba yake alitoka kijiji gani. Nilimwahidi nitakitafuta.

Kwanza nilipoteza pesa. Kuna kampuni ya mtandaoni niliyoilipa ili initengenezee ukoo. Ikanitumia orodha ya watu wenye jina kama la mwashi wetu na picha ya ngao, basi. Aliyenielekeza njia ni sista mmoja mzee: "Mwanangu, anzia kitabu cha ubatizo cha hapa hapa, ndipo uende Ulaya." Paroko akanifungulia kitabu kilichoanzishwa na Mapadre Weupe, chote Kilatini. Kwenye mstari wa bibi palikuwa na jina la baba, na mbele yake neno moja tu, jina la kijiji: Holtwick.

Neno hilo ndilo lililonifanya niweze kuitumia Matricula. Ni tovuti inayoendeshwa na jumuiya ya ICARUS ya Vienna, yenye picha za vitabu vya kanisa, hasa vya Kikatoliki, kutoka Ujerumani, Austria, Slovenia, Luxembourg na kwingineko. Ni bure, wala hujisajili. Lakini usitegemee kuandika jina la marehemu likakutokea. Unachagua nchi, jimbo, parokia, kisha kitabu, halafu unafunua ukurasa baada ya ukurasa kama uliyeketi ofisini kwa paroko. Usipoijua parokia huna pa kuanzia.

Na Holtwick si moja. Katika Westfalen, eneo la magharibi mwa Ujerumani, peke yake iko ya karibu na Bocholt, ya karibu na Haltern na ya karibu na Coesfeld. Hapo nilisaidiwa na Meyers, kamusi ya miji na vijiji vya Dola ya Ujerumani ya mwaka 1912, ambayo nayo inasomwa bure mtandaoni. Unaandika jina la kijiji, inakuonyesha viko vingapi na parokia za jirani. Zote tatu ziko jimbo la Kanisa la Münster, kwa hiyo nilizipitia moja baada ya nyingine. Ya Coesfeld ndiyo iliyokuwa yetu.

Kazi kubwa ilikuwa kusoma. Wajerumani wa wakati ule waliandika kwa mwandiko uitwao Kurrent. Herufi e inafanana na n, s ndefu unaweza kuidhania f, na u huwekewa kialama kilichopinda juu ili isichanganywe na n. Wiki mbili za kwanza sikuambulia kitu. Nikabuni njia yangu: nikaandika jina la ukoo wetu kwa Kurrent kwenye karatasi, nikalibandika kando ya kompyuta, nikawa nalitafuta umbo lake badala ya kusoma kila neno. Majina ya Kilatini nayo hubadilika mwisho. Johannes akiwa baba wa mtoto utamkuta ameandikwa Johannis.

Nilimpata usiku wa Alhamisi, kwenye ubatizo wa mwaka 1872. Baba yake naye mwashi. Mama yake: Gertrud.

Bibi yangu aliitwa Getruda. Sisi sote tulidhani jina lile alipewa na mapadre. Nilimpigia mama simu saa saba usiku, tukalia wote wawili.

Tangu hapo nimerudi nyuma vizazi vitatu, na hapo katikati nilipotea tena, kwa sababu ya desturi ya sehemu zile. Mwanamume akioa binti mrithi wa shamba, alichukua jina la shamba, na watoto wakaitwa hivyo. Kitabuni utaona jina la kuzaliwa, kisha neno genannt, yaani "aitwaye", kisha jina la shamba. Mimi nilikuwa namtafuta mtu kwa jina aliloliacha siku ya harusi.

Vitabu vya parokia yetu ya Holtwick vilivyowekwa Matricula vinaishia 1875. Usajili wa serikali ulianza Prussia, dola kubwa ndani ya Ujerumani ya wakati ule, Oktoba 1874 na Ujerumani nzima Januari 1876, kwa hiyo wa baada ya hapo anatafutwa ofisi ya serikali iitwayo Standesamt. Rejista zao za vifo hufunguliwa baada ya miaka 30, za ndoa 80, za kuzaliwa 110. Kama ndugu yako alikuwa Mlutheri, basi nenda Archion, tovuti ya vitabu vya makanisa ya Kiprotestanti, iliyofunguliwa 2015. Kuangalia orodha ya parokia ni bure, picha za vitabu ndizo za kulipia. Angalia orodha kwanza kabla ya kutoa hela.

Matricula naipa nyota tano. Tumia kompyuta, maana kwenye simu maandishi yale yatakuumiza macho, na picha zinakula bando.

Wiki hii nimeiandikia Standesamt ya kule kuuliza kama mwashi aliwahi kurudi nyumbani. Mama ameniomba barua ikijibiwa nisiifungue mpaka nifike kwake.