Adventure Game Studio, kwa sisi wa kutengeneza magemu usiku baada ya kazi

Wadau, kama unapenda yale magemu ya kutembea tembea, kuokota vitu na kufumbua mafumbo afu unatamani kutengeneza lako, chukua hii, ni bure kabisa, ipo tangu 1997 na ni programu huria. Mi naitumia usiku nikitoka kazini. Unachora chumba, unapaka rangi pale mhusika anapotembea, unapaka na mlango ubonyezeke, na usiku huohuo jamaa yako anatembea kwenye skrini, aisee raha yake siwezi kueleza!! Skripti, yaani kodi unazoandika za gemu, inafanana na lugha ya programu ya C, ukiijua kidogo unaenda, ila kuandika mazungumzo ndo kunakula muda kwelikweli. Studio ya magemu ya Wadjet Eye wanauza magemu waliyotengenezea humuhumu. Edita, yaani pale unapotengenezea gemu, ni ya Windows tu, wa Mac hapo mtahangaika kidogo.