PhotoRec kwa kadi ya kamera iliyoformatiwa: uzoefu wangu

Mimi hupiga picha za harusi, upande wa wanawake. Watu wa Mombasa wanajua maana yake. Usiku wa kumpamba bi harusi, mabuibui huvuliwa, simu huzuiwa, na picha zinazopigwa mle ndani ni za bi harusi na jamaa zake tu. Basi msaidizi wangu alipoiformati kadi kwenye kamera, yaani kuifuta yote, akidhani picha zimeshahamishwa, tatizo halikuwa kuzirudisha tu. Nani atakayeziona wakati wa kuzirudisha?

Nilipita duka moja maeneo ya Mwembe Tayari kuuliza. Kijana akanitajia bei, akaniambia niiache kadi mpaka kesho. Nikamuuliza kama naweza kukaa pale akifanya kazi, akakataa. Nikaitia kadi mkobani. Simshuku, lakini mamake bi harusi aliniamini mimi, hakumwamini yeye.

Ndipo kaka yangu akanielekeza kwa PhotoRec, programu ya kurudisha faili zilizofutwa, na kwa kuwa haikufaa aone chochote, alinielekeza akiwa barazani, anapaza sauti, nami ndani nabofya. Ikiwa tuliweza hivyo, nawe utaweza.

Programu hii imeandikwa na Mfaransa Christophe Grenier na hutolewa pamoja na nyingine iitwayo TestDisk. Ni ya bure kweli, si ile bure ya kukuonyesha picha zako kwa mbali halafu ikakudai pesa. Hakuna kusakinisha, unaifungua zipu unaiendesha. Toleo la kawaida ni maandishi matupu kwenye skrini nyeusi, na mimi lilinitisha. Tafuta QPhotoRec ndani ya folda ile ile, hiyo ina dirisha na vitufe.

Kamera ikiformati kadi kwa njia ya kawaida, mara nyingi hufuta orodha ya faili tu. Picha zenyewe zimo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hivyo kadi ikipatwa na hayo, itoe kwenye kamera papo hapo, na kama ina kile kidude cha pembeni cha kufungia, kisukume. PhotoRec haijali orodha. Hupita kadi yote ikitafuta alama za mwanzo wa faili. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza kwa baiti FF D8 FF. Itakuuliza iweke wapi inachopata: chagua diski ya nje au kompyuta, kamwe si kadi ile ile. Na kabla ya kuanza, ondoa alama kwenye aina za faili usizozitaka, la sivyo utaletewa takataka za kila namna.

Picha zilirudi, karibu zote, safi. Majina ndiyo hayakurudi. Kila faili huitwa herufi f na msururu wa tarakimu, zimetupwa ndani ya folda za recup_dir, harusi na majaribio ya taa zimechanganyika. Kilichoninusuru ni tarehe ya kupigwa, ambayo kamera huihifadhi ndani ya picha yenyewe. Nikazipanga kwa hiyo. Video zilinivunja moyo: klipu ya vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, hucheza kidogo kisha hukwama, kwa sababu faili kubwa mara nyingi huandikwa vipande vipande na programu hii haiwezi kuviunga vyote.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba zilirudi pia picha za harusi za watu wengine, kazi za zamani nilizokwisha kukabidhi na kufuta. Nilifunga mlango nikazichambua peke yangu, nyuso za watu ambao hawana habari kwamba bado wamo kwenye kadi yangu.

Kaka naye akataka kujaribu bahati yake kwa folda aliyoifuta kwenye laptopu. Hakuambulia kitu. Laptopu yake ina diski ya SSD, ile isiyozunguka, na tangu Windows 7 ya mwaka 2009 kompyuta huiarifu diski ya namna hiyo, kwa amri iitwayo TRIM, kwamba nafasi ya faili iliyofutwa haihitajiki tena, nayo huisafisha. Kwa flashi au diski ya kuzunguka, na kama unataka majina na folda zako zirudi, anza na Recuva, programu nyingine ya kurudisha faili. PhotoRec iwe ya mwisho orodha ikiwa imeharibika.

Kwa picha naipa nyota tano, kwa video mbili.

Kadi zangu kuukuu nilikuwa nikiwauzia wapiga picha wanaoanza. Siziuzi tena. Na kadi ninayomwazima mtu, naiformati kwenye kompyuta nikiwa nimeondoa alama ya Quick Format, ile ya haraka inayofuta orodha tu, ili kadi yote ifutwe. Inachukua muda mrefu, na ikishamaliza naipitishia PhotoRec nione kama kuna sura itakayojitokeza.