Gereji ya Kizota kwa wenye Toyota za zamani zinazozima zima njiani

Wenye Korola AE110, Carina Ti na zile GX100 hapa Dodoma, kama gari yako inazima yenyewe na kila fundi anakwambia ni pampu, nendeni Kizota kwenye ile gereji ya chini ya mwarobaini, ukitoka barabara ya Singida unaingia ndani kidogo. Haina bango na pa kukaa ni ringi za lori zimewekewa mbao juu, ila kwenye kutafuta ugonjwa wa gari mi sijaona mwenzake mji huu.

Yangu ni AE110 injini 5A, ya manyuo. Asubuhi inawaka fresh naenda nayo Mtumba kazini bila shida, mchana jua likishakolea nikiwa narudi inakata ghafla katikati ya barabara, nasubiri wee ipoe, inawaka kama hakuna kilichotokea. Imeshanizimia pale Ihumwa semi iko nyuma inapiga honi, we acha tu. Gereji ya kwanza (siitaji jina) wakanifungia pampu ya mafuta mpya, nyingine wakabadili plagi na waya zake wakasafisha na throto (mlango wa hewa ya injini), kila mmoja anakukabidhi funguo anasema tayari dada, na kweli inakuwa tayari mpaka jua liwake tena.

Huyu wa Kizota hata boneti hakufungua kwanza, alikaa ananihoji. Inazima ikiwa sailensi (imesimama inaunguruma tu) au ikiwa inatembea? Inakohoa kwanza au inakata tu? Ikizima mshale wa RPM (ule wa mzunguko wa injini) unashukaje? Alafu akanielewesha vizuri kabisa, kwamba gari inayokosa mafuta huwa inajikongoja kwanza, inavuta inaachia, unakanyaga haipandi, ndo izime. Inayozima kwenye mataa tu ukiachia pedeli ya mafuta mara nyingi ni throto chafu, valvu ya sailensi au mpira wa hewa umepasuka inanyonya hewa pembeni. Ila inayokata kama mtu kazima swichi alafu ikipoa inawaka, hapo anaanza na umeme kabla hajagusa kitu cha mafuta.

Akasema haya twende tukaizimishe. Nikacheka, mana wenzake wote walikuwa wanaipokea gari ikiwa imepoa, inaunguruma vizuri, wanabahatisha spea. Tukatoka saa nane na lile jua kuelekea Nala, yeye anaendesha. Ikakata tukiwa gia ya nne na hakukanyaga klachi, akanionyesha kwa kidole: gari bado inaserereka, matairi yanaizungusha injini, lakini mshale wa RPM umelala sifuri. "Umeona dada? Injini inazunguka ila kontroboksi haijui kama inazunguka." Kontroboksi ndo kompyuta ya injini. Ingekuwa mafuta yamekata, mshale ungeshuka taratibu na mwendo wa gari. Tukaegesha pembeni, chap akachomoa waya wa plagi, akachomeka plagi ya akiba akaigusisha kwenye chuma, akaniambia piga stata. Hakuna moto, yani cheche ya plagi, hata chembe.

Kilichonifurahisha zaidi ni kile kiboksi cha dayagnosisi (cha kusomea makosa ya gari) chini ya boneti. Mi nilikuwa nishaambiwa mashine haisomi hii gari, na kweli Toyota nyingi za soko la Japani za miaka ile hizi mashine ndogo za kuchomeka chini ya usukani hazizisomi. Yeye alichukua kipande cha waya akaunganisha matundu mawili ya kile kiboksi, TE1 na E1, akawasha swichi, taa ya cheki injini ikaanza kupepesa: moja, inatulia, mbili. Kodi (namba ya kosa) 12, yani ishara ya mzunguko wa injini haifiki. Akapima koili ya pikapu, ile inayohisi mzunguko, ndani ya distribyuta (inayogawa moto kwa plagi), ya moto mita haisomi kabisa, ilivyopoa ikasoma. Waya umekatika ndani, ukipata joto unaachana, ukipoa unagusana tena.

Tukaagiza distribyuta used Dar ikaja na basi, laki na thelathini. Akaifunga na kuset taimingi (wakati wa plagi kuchoma) kwa taa, ule ule waya wa TE1 na E1 umeunganishwa, digrii 10 kabla ya TDC (pistoni kufika juu kabisa), hajaset kwa sikio kama wengi wanavyofanya. Kutafuta tatizo alinichaji elfu thelathini hata kabla ya spea na watu wanalalamikia hiyo bei, mi naona ni halali kabisa, pampu niliyofungiwa bila sababu ilikuwa ghali kuliko hiyo.

Mabaya yapo. Simu hapokei, ukipiga kumi atapokea kijana wake aseme mzee yuko chini ya gari. Foleni ni ndefu, hana haraka na mtu, na ukimwambia "fundi fanya fasta" anakutazama tu. Risiti ni karatasi ya daftari, wenye gari za ofisi mjipange. Choo cha hapo sitaki kukizungumzia.

Nampa nne kati ya tano. Ukienda usiisubiri ipoe, ipeleke mchana ikiwa na joto lake na mafuta robo tenki kwenda juu, mana lazima atatoka nayo kuizimisha, na kama imeshabadilishwa vitu nenda na vile vya zamani, pampu yangu ya mwanzo aliipima kwenye betri akanirudishia iko nzima.