Buli la Satsuma: zuri mno, ila chai usitie

Haya jamani, tazameni hapa. Nasogeza kamera… ngoja ishike… eeh! Mnaviona hivyo vijistari? Buli halijavunjika. Hili ni la Satsuma, ufinyanzi wa Kagoshima, kusini mwa Kyushu, Japani, na hizo nyufa ndizo zilizonitoa pesa mfukoni.

Ukubwa na ujazo vipo chini ya video, kasomeni. Mimi nataka nyufa. Udongo na ile ngozi ya kioo iliyopakwa juu yake vikipoa baada ya tanuru, havinywei sawa. Kioo hunywea zaidi, kinajivuta, kinapasuka. Geuza kwenye mwanga, hivi… taratibu… wavu mzima! Na juu ya wavu huo wamepanga maua, watu wenye kimono, dhahabu, na vitone vya rangi vilivyoinuka. Ukipitisha kidole unavihisi.

Sasa sikilizeni. Hapa chini ya kitako nilipaka chai ya rangi, nikaiacha ilale. Nafuta. Nafuta tena. Juu pamekauka, mistari imebaki kahawia. Chai imeshapenya, maana udongo huu unafyonza, si kauri. Ndiyo maana nasema chai usitie. Hata maji ya moto siliamini nayo, na hiyo dhahabu ukiisugua kwa steelwool utalia.

Tena kumimina ni shida, mdomo wake unachuruzika hadi mezani. Kwa kunywea, buli jekundu la Tokoname, mji mwingine wa ufinyanzi huko Japani, lenye mkono ubavuni linalipiga bao mbali: halijapakwa kioo, na mengi yana chujio la udongo humo humo ndani.

Muuzaji aliniambia lina miaka mia tatu. Weee! Kitako kimeandikwa "Japan" kwa herufi za Kizungu, na sheria ya Marekani ya kutaka bidhaa zitaje nchi zilikotoka ilianza kutumika 1891. Hili ni la kuuzwa nje, basi. Akanionyesha na msalaba ndani ya duara, nembo ya ukoo wa Shimazu, watawala wa Satsuma zamani. Haithibitishi kitu. Shimazu Yoshihiro ndiye aliyewachukua wafinyanzi wa Kikorea Japani ilipoivamia Korea, vita vya 1592 hadi 1598, sawa, lakini baada ya Satsuma kujionyesha kwenye maonyesho ya dunia ya Paris 1867 na Wazungu kupagawa, Kyoto, Osaka na Yokohama nao walitengeneza, nembo wakaigonga vile vile.

Alianza na laki nne, nikalipa laki moja na nusu. Kwa pambo la kabatini sijutii; nilitaka kulisema vibaya leo, kamera imenishinda. Kwa chai, hapana.

Wengi mmeuliza kuhusu siku: video sasa ni Jumamosi, si Jumatano tena. Jumamosi hii namimina Tokoname, na chai tunakunywa kweli.