OMIA: pa kuanzia unaposaka jeni ya ugonjwa

OMIA, kanzidata ya Chuo Kikuu cha Sydney ya sifa na magonjwa ya kurithi ya wanyama, ni ya bure, na kwa magonjwa ya kurithi ya ng'ombe, mbwa au paka ni vigumu kupata ya kuizidi. Andika jina la ugonjwa, kisha chagua spishi kwa namba yake: mbwa ni 9615, ng'ombe 9913. Narkolepsia (ugonjwa wa kusinzia ghafla) ya mbwa inakupeleka kwenye HCRTR2, jeni iliyotambuliwa mwaka 1999 kwa Doberman, na viungo vya OMIM, kanzidata ya jeni na magonjwa ya kurithi ya binadamu.

Kosa linaloharibu kazi ni kuchanganya matoleo ya jenomu. Nafasi ya CanFam3.1 (toleo moja la jenomu ya mbwa) ukiisoma kwenye toleo jingine, utapima herufi ya DNA isiyohusika na kuiondoa jeni sahihi. Hamishia nafasi zote kwenye toleo moja kwanza. OMIA haipangi jeni zinazoshukiwa kwa uzito. Orodha ndefu ipeleke ToppGene, zana ya mtandaoni inayozipanga hivyo.