Polar H10: mkanda wa kifua kwa anayetaka namba za kweli

Polar H10, kutoka kampuni ya Ufini iliyoanzishwa mwaka 1977, ni mkanda wa kitambaa wa kupima mapigo ya moyo, unaovaliwa chini kidogo ya matiti, na kidude kinachobanwa mbele kwa vifungo viwili. Hauna kioo. Namba unazisoma kwenye simu au saa, kwa bluetooth au ANT+, njia nyingine isiyo na waya inayotumiwa na vifaa vya mazoezi. Ukitaka kuacha simu nyumbani, kidude hutunza zoezi moja kwenye kumbukumbu yake.

Kwa nini usitumie saa tu? Saa humulika ngozi na kukadiria mapigo kwa damu inavyopita. Mkono ukitikisika, huweza kuchanganya mapigo na hatua: unajikongoja polepole, saa inasema 172, kumbe hiyo ni idadi ya hatua zako kwa dakika. Ukibana usukani wa baiskeli au chuma cha mazoezi, ndiyo inapotea kabisa. Mkanda husoma umeme wa moyo wenyewe, pigo kwa pigo.

Faida hiyo huonekana zaidi kwenye mazoezi makali. Chukua 4×4 ya Norway: pasha mwili dakika 10, kimbia vipande vinne vya dakika 4 kwa asilimia 85 hadi 95 ya mapigo yako ya juu, na katikati tembea au jogi nyepesi dakika 3. Mapigo ya juu hukadiriwa kwa 208 kutoa umri mara 0.7. Mwenye miaka 45 anapata 177, hivyo alenge 150 hadi 168. Dakika ya kwanza ya kipande namba huwa bado inapanda. Ukiifukuza kwa kasi, kipande cha tatu kitakukuta huna pumzi. Angalia dakika mbili za mwisho. Na kanuni hiyo ni makadirio tu, huweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi. Anayetumia atenolol au bisoprolol asiifuate hata kidogo, kwa kuwa dawa hizo huyazuia mapigo yasipande.

Joto nalo mkanda hulianika wazi. Kimbia Dar saa nne asubuhi kwa mwendo uleule, na baada ya dakika 40 mapigo yamepanda ingawa miguu haijaongeza kitu. Jasho limepunguza maji ya damu, na damu nyingine imeelekezwa kwenye ngozi kuupoza mwili. Moyo unasukuma kidogo kwa kila pigo, kwa hiyo unapiga mara nyingi zaidi. Punguza mwendo, namba ibaki ulikoipanga.

Kwa ubongo, wala hakuhitajiki kukimbia sana. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2011, wazee 120 waligawanywa makundi mawili. Waliotembea kwa bidii dakika 40, siku tatu kwa wiki, hipokampasi yao, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, iliongezeka kama asilimia 2 kwa mwaka. Ya waliofanya mazoezi ya kujinyoosha ilipungua. Kama lengo lako ni kutembea hivyo, hifadhi pesa yako: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo unatosha.

Matumizi yana masharti. Lowesha kwa maji vipande vya ndani ya mkanda vinavyogusa ngozi kabla ya kuvaa, hasa kwenye baridi kavu. Visipolowa, namba huruka ovyo dakika za mwanzo. Mkanda uwe umekaza bila kubana pumzi. Ukimaliza, chomoa kidude: unyevu wa jasho hukifanya kidhani bado umevaa, na betri ya CR2025, ambayo hudumu takriban saa 400 za matumizi, inakwisha ikiwa kabatini. Suuza kitambaa kila mara, na kila baada ya mara tano kifue kwa maji yasiyozidi nyuzi 40. Usikipige pasi. Chumvi ya jasho ikiganda ndani, mkanda huanza kudanganya.

Hiki si kipimo cha hospitali. Maumivu ya kifua au kizunguzungu mazoezini ni ya daktari, hata kama namba ni nzuri.

Namba zikiendelea kuruka baada ya kufua na kubadili betri, usikimbilie kununua seti nzima. Mara nyingi kilichochoka ni kitambaa, nacho huuzwa peke yake, saizi mbili: XS–S na M–XXL.